Nyumba Njema si Mlango
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, na madaftari yenu yako tayari mbele yenu. Leo tutazungumza juu ya nyumba tupu inayotaka kuuzwa. Huenda wewe huna nyumba ya kuuza. Hata hivyo sikiliza, maana siku ya kuuza nyumba ya urithi huja bila kupiga hodi, na mara nyingi huja pamoja na msiba.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amefariki mjini Tanga. Ameacha nyumba ya namna ile tuijuayo sana pwani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko na choo. Watoto wake wanne wanakaa mbali. Wamepatana kuiuza na kugawana fedha. Lakini nyumba imefungwa mwaka mzima.

Anakuja mnunuzi wa kwanza. Mlango unafunguka kwa shida. Ndani ni giza, kuna harufu ya popo, na majani ya uani yanafika magotini. Mnunuzi hakai hata dakika tano. Anasema, "Hapa pana kazi nyingi," kisha anataja bei ndogo. Watoto wanatazamana. Mmoja anataka kukubali, kwa kuwa ana karo ya shule ya kulipa. Mwingine anasema, "Siwezi kuitupa nyumba ya baba." Ugomvi unaanza hapo hapo, kaburi la mzee bado bichi.

Je, nyumba ile ni mbovu? Sivyo. Kuta zake ni imara na mbao zake ni nzima. Ilichokosa ni mtu. Nyumba yenye watu hufagiwa, madirisha yake hufunguliwa, na tundu la bati huzibwa mvua ya kwanza tu inapodondoka. Nyumba isiyo na mtu haina wa kuisemea. Basi kazi ya muuzaji ni kuifanya iseme tena. Tuifanye kazi hiyo hatua kwa hatua.

Kabla ya kushika ufagio, shika karatasi. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mmoja kwa sababu tu ndiye mwenye ufunguo. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama. Na kama ni nyumba ya mume na mke walio hai, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wao kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tafuta hati au leseni ya makazi, uiweke mahali pamoja na karatasi nyingine. Mnunuzi mwenye akili huziuliza mapema.

Sasa shika ufagio. Anza nje, maana macho ya mgeni huanzia nje. Fyeka majani, zoa takataka, fagia baraza. Mwaga maji yote yaliyotuama katika makopo na madebe, kwa kuwa mbu huweza kukua humo kwa muda wa siku 7 hadi 10 tu.

Kisha fungua madirisha yote tangu asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Harufu ya nyumba iliyofungwa haiondoki kwa udi wala kwa manukato. Huondolewa na upepo na jua. Kama choo ni cha maji na kinanuka, usidhani mara moja kwamba kimeharibika. Chini ya choo kuna bomba lililopinda, na maji yanayokaa katika pindo lile ndiyo yanayozuia harufu isipande. Choo kisipotumiwa muda mrefu, maji yale hukauka. Mimina ndoo ya maji, ungoje, uone. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Baadaye tazama juu. Mchana, simama chumbani, funga madirisha, na uangalie bati. Penye tundu utaona nuru. Tia alama, umwite fundi azibe. Angalia pia mbao na kuta, kama kuna vijia vya udongo vya mchwa. Ukivikwangua tu, mchwa watavijenga tena. Yafaa watiwe dawa.

Sasa kuta. Chokaa ni rahisi, nayo huleta mwanga. Kwangua uchafu, lowesha ukuta, koroga chokaa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Wengi hutia chumvi kidogo ili ishike. Paka mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Linda macho yako, maana chokaa huunguza. Wala usiipake juu ya rangi ya mafuta, haitashika.

Kama nyumba ina umeme wa LUKU, nunua uniti chache ili taa ziwake mgeni anapokuja. Lakini ujue kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Nyumba iliyokaa miezi mingi bila kununuliwa umeme huweza kuwa na deni. Lilipe kabla mnunuzi hajaligundua.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo wengi hulisahau. Chumba kitupu humdanganya mtu. Akisimama ndani yake hajui kama kitanda kitaingia. Basi azima vitu vichache kwa ndugu na majirani. Weka kitanda kimoja cha futi 5 kwa 6 katika chumba kimoja, ukitandike shuka safi, utundike na chandarua. Weka meza na viti viwili mahali pa kulia. Tandika mkeka barazani. Basi, vyatosha. Ukijaza vyombo, nyumba itaonekana ndogo. Na picha za marehemu ziondoe kwa heshima, mzigawane. Mgeni akiona picha za watu ukutani hujiona yumo katika nyumba ya wenyewe. Nawe wataka ajione yumo katika nyumba yake.

Lakini sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo watu huharibu. Kutengeneza nyumba si kuficha kasoro zake. Kama ukuta una ufa, usiupake chokaa juu ili usionekane, wala usiegemeze kabati mbele yake. Mwite fundi auzibe ipasavyo, kwani wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kama huna fedha ya fundi, mwonyeshe mnunuzi ufa wenyewe, mpatane bei mkiwa mnaujua nyote wawili. Masika yatakuja, na mvua haina siri. Ufa uliofichwa utatokea, na mnunuzi atarudi na hasira, pengine na hati ya kukuita mahakamani. Lakini mtu uliyemwonyesha kasoro moja kwa hiari yako atakuamini unapomwambia kwamba paa ni zima.

Hebu turudi kwa wale watoto wanne wa Tanga. Wakichanga fedha kidogo, wakafanya kazi hii kwa siku chache, mambo mawili yatapatikana. Kwanza, mnunuzi atakayekuja ataona nyumba, wala hataona shida yao. Pili, watakuwa wameifagia nyumba ya baba yao kwa mikono yao wenyewe kabla ya kumkabidhi mwingine ufunguo. Jambo hili la pili halina bei, lakini huenda ndilo litakalowapatanisha.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema pia, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi safisha mlango, ndiyo, lakini na ndani pawe pa kweli.

Sasa, mwalimu, tafadhali lizungumze darasa lako maswali haya:
1. Kwa nini chumba kitupu humdanganya mtu?
2. Nani ana haki ya kuiuza nyumba ya marehemu?
3. Kuna tofauti gani kati ya kuziba ufa na kuuficha?

Kila mmoja na aandike sentensi tatu juu ya jambo ambalo angelitengeneza kwanza katika nyumba anayokaa sasa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.