Reli Iliyoishia Kamanyola

Misisi, machimbo ya dhahabu ya Fizi, mashariki mwa Kongo, ina njia nyingi chini ya ardhi, na hakuna hata moja yenye reli. Mchimbaji hushuka shimoni na tochi kichwani, hupanda na mfuko wa mawe mgongoni. Mhadhara huu unahusu reli zilizochorwa kuizunguka nchi ya Fizi, zikakoma kabla ya kuifikia.

Mchoro wa zamani ni wa tarehe 12 Mei 1894. Siku hiyo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mtawala wa Kongo, aliwakodisha Waingereza kwa mkataba ukanda wenye upana wa kilomita 25, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi Ziwa Edward. Waliokuwa wakiota reli ya Cape hadi Kairo walishangilia mapema mno: Wajerumani, wenye ng'ambo ya ziwa, wakapinga, na hata miezi miwili haikutimia kipengele hicho kikafutwa.

Mwaka 1902 ikaundwa CFL, kampuni ya reli ya Mbelgiji Édouard Empain. Ilikusudia kuunganisha Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na Mahagi kwenye Ziwa Albert, kisha na Ziwa Tanganyika. Reli ya Mahagi ilibaki karatasini. Ya Tanganyika ilijengwa vipandevipande: Stanleyville hadi Ponthierville mwaka 1906, baadaye Kindu hadi Kongolo, na mwaka 1915 Kabalo hadi Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Hesabu yao ilikuwa moja: maji yakitulia, mzigo uende kwa meli, yakianza kuporomoka, treni iupokee. Basi Baraka, mji wa Fizi ulio ufukweni mwa Tanganyika, ilikoseshwa reli na uzuri wa ziwa lake.

Kaskazini kulikuwa na Cefaki, Reli ya Kivu. Katika miaka ya 1930 treni zake zilitoka Uvira zikavuka tambarare ya Ruzizi, karibu kilomita 90, hadi Kamanyola. Lengo lilikuwa Bukavu. Lakini Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Kivu mita 1,460, na sehemu kubwa ya mwinuko huo inaanzia pale Kamanyola, kwenye miteremko ya Ngomo. Reli ikasimama mguuni pa mlima. Shehena ilishushwa melini Uvira, ikapakiwa treni, ikashushwa tena, ikapakiwa lori. Mwenye lori hakuhitaji shule kubwa kuona kwamba angeweza kupakia Uvira moja kwa moja. Kabla ya uhuru wa 1960 reli hiyo ilikuwa imekwisha kufa.



Kuna sababu nyingine ya reli kutofika Fizi, isiyosemwa sana. Reli hulipwa na uzito. Shaba ya Katanga ilihitaji mabehewa. Dhahabu ya Misisi inatoshea mfukoni, inaondoka kwa pikipiki. Wanaoumia ni wenye madumu ya mawese na magunia ya muhogo, wanaosubiri kamioni iliyozama kwenye matope.

Sasa kuna mchoro mpya: reli kutoka Uvinza, Tanzania, ipite Burundi hadi Uvira, kisha Kindu. Karatasini, kipande cha Uvira hadi Kindu kinavuka milima ya Mitumba kwa mstari mmoja wa wino. Kamanyola ni mwendo mfupi tu kutoka Uvira.