Tundu Kwanza, Paa Baadaye: Mada kwa Mafundi Seremala Kuhusu Visanduku vya Ndege



Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa vijumba vya ndege vya mbao pamoja na vilishio. Naanza na tundu la kuingilia, kwa sababu hapo ndipo nimeona kazi nyingi zikiharibika, zangu zikiwamo. Kisanduku changu cha kwanza nilikipiga randa na vanishi hadi ndani, nikakiwekea mlango mpana na kijiti cha ndege kutua. Mwenye bustani alikipenda. Kilikaa misimu miwili juu ya mwembe bila ndege hata mmoja, kisha wakahamia nyigu. Nilikuwa nimejenga nyumba ya mtu, nikaipunguza ukubwa.

Ndege wanaotumia visanduku ni wale ambao porini hutaga ndani ya mti wenye uwazi: bundi, hudihudi, baadhi ya kwenzi, shomoro. Mnana hujisukia kiota chake kwa majani. Chozi naye hana haja na mbao zetu. Kwa hiyo tunachotengeneza ni badala ya shimo la mti mkavu, ule ule tuliouwahi kwa kuni na mkaa.

Ukubwa wa tundu ndio unaoamua nani aingie. Ushahidi mzuri uko Marekani, kwa ndege mdogo mwenye mgongo wa buluu na kifua cha rangi ya kutu. Shomoro wa Ulaya walifikishwa Brooklyn katika miaka ya 1850, na mwaka 1890 kwenzi wa Ulaya wakaachiwa Central Park, New York. Wageni hao walienea, wakamnyang'anya yule wa buluu mashimo yake, naye akapungua sana. Mwaka 1934 T. E. Musselman, mkazi wa Quincy, Illinois, akaanza kutundika visanduku kwa safu kando ya barabara za mashambani. Wengine wakafuata, na mwaka 1978 Lawrence Zeleny akaanzisha chama cha kumtetea ndege huyo. Leo ameongezeka tena. Kisanduku chenyewe ni cha kawaida kabisa isipokuwa tundu lake: mviringo wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Wa buluu anapita, kwenzi anakwama mabegani. Ongeza milimita chache tu, kwenzi yumo ndani. Shomoro ni mwembamba, hupita vilevile, na ndiyo maana wale wenye visanduku huvikagua mara kwa mara katika msimu wa kutaga.

Uingereza nako shomoro hutobolewa tundu la milimita 32, na ndege wadogo zaidi 25. Hiyo ni tofauti ya biti moja ya keekee na nyingine. Kwa ndege wa kwetu nashauri hivi: kabla ya kukata ubao, nenda na futi kamba kwenye miti mikavu ya jirani, pima matundu ambayo ndege wameyazoea, na upime pia kina chake hadi chini.

Mengine ni ufundi ambao tayari mnaujua. Mbao ya moja kwa nane inatosha kwa ndege wadogo, kwa kuwa unene wa inchi moja huzuia joto, na katika nchi yetu joto ndilo linaloua makinda kuliko baridi. Tundu lisitazame jua la mchana. Toboa nafasi za hewa chini ya paa na nyingine ndogo kwenye sakafu ili maji yatoke. Sakafu iingie ndani ya kuta, isikae chini yake, la sivyo itanyonya mvua. Ndani usipige randa wala rangi; kwaruza ubao chini ya tundu kwa patasi, kinda lipate pa kushika kucha linapopanda kutoka. Upande mmoja uwe na bawaba ili kisanduku kisafishwe baada ya msimu. Kijiti cha mbele kiondoeni kabisa: ndege wa mashimoni hakihitaji, kinamfaa adui.

Sasa bundi, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayestahili mbao zetu kabla ya wengine wote. Namsema yule mweupe kifuani, mwenye uso wa umbo la moyo. Chakula chake kikuu ni panya, na kila mkulima wa mahindi aliyefukuliwa mbegu usiku wa kwanza baada ya kupanda anajua uzito wa jambo hilo. Israeli na Malaysia wakulima wamemtundikia visanduku mashambani kwa miongo kadhaa. Sakafu yake iwe sentimita 40 kwa 60, tundu la mraba sentimita 13, na kutoka ukingo wa chini wa tundu hadi sakafuni pasipungue sentimita 45. Kipimo hicho cha mwisho msikipuuze, kwa kuwa makinda hukaa humo wiki nyingi, na kwenye kisanduku kifupi hutambaa hadi mlangoni wakaanguka. Kitundikwe mita tatu au zaidi kutoka chini. Na shamba lenye kisanduku hicho lisitiwe sumu ya panya: panya aliyekula sumu huliwa kabla hajafa, ikamuua bundi na watoto wake.

Najua wengi wetu tumelelewa tukiambiwa bundi akilia juu ya paa kuna msiba. Siwadharau wazee walioamini hivyo. Mlio wake usiku unatisha kweli. Basi kisanduku kisiwekwe karibu na nyumba za watu, na fundi azungumze na majirani kabla ya kupanda ngazi. Kisanduku kilichotundikwa kimyakimya hupigwa mawe.

Vilishio nitavisema kwa ufupi. Ukanda wa pwani, meza ya makombo huwa ya kunguru, wale walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, ambao huvamia mayai na makinda ya ndege wengine. Ukiweka chakula wazi unamlisha adui wa kisanduku chako. Mimi naweka maji: sinia la udongo juu ya nguzo ya mbao, kina cha vidole viwili, jiwe katikati, maji yabadilishwe kila siku ili mbu wasizaliane. Kiangazi kikikaza, chiriku na tetere hufika kabla jua halijapanda.

Baada ya chai tutakata kisanduku cha bundi. Plaiwudi ya milimita 12 ipo tayari, na mstari wa sentimita 45 nimeshauchora.