Wakala wa Akili Mnemba na Taarifa za Mitiririko ya Kazi: Chombo Kirudishe Nini?



Wakala wa akili mnemba akiulizwa kwa nini mtiririko wa kazi umefeli, hajui lolote mpaka chombo kimletee taarifa. Hoja yangu ni kwamba ubora wa jibu lake huamuliwa na chombo hicho kabla yeye hajaanza kufikiri. Mfano wangu ni GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha mitiririko ya kazi, ambayo imekuwa wazi kwa watumiaji wote tangu Novemba 2019.

Mtayarishaji programu akipeleka msimbo mpya, mtiririko huanza wenyewe: programu hujengwa, hufanyiwa majaribio, pengine husafirishwa hadi kwenye seva. Kila uendeshaji wa mtiririko hupewa namba. Chini yake kuna kazi, na ndani ya kila kazi kuna hatua. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya MCP, inayomuunganisha wakala na vyombo vya nje, na GitHub nayo ikatengeneza seva yake ya itifaki hiyo. Siku hizi wakala hutaja namba ya uendeshaji, naye hurudishiwa kile ambacho zamani mtu alikitafuta kwa macho kwenye skrini.

Tuanze na hali ya uendeshaji, maana hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. GitHub hutenganisha mambo mawili. Sehemu ya "status" husema kama uendeshaji unasubiri, unaendelea au umekwisha. Sehemu ya "conclusion" husema umekwishaje: umefaulu, umefeli, umesitishwa, umeishiwa muda. Uendeshaji ukiwa bado njiani, sehemu hii ya pili huwa tupu. Chombo kikimpa wakala ile ya kwanza peke yake, atasoma kwamba kazi imekwisha na kumwambia mwenye mradi kuwa mambo ni mazuri, kumbe majaribio yameanguka. Ndiyo maana nasisitiza zirudishwe pamoja daima, na utupu uelezwe kwa maneno: matokeo bado.

Lipo jingine linalojificha zaidi. Uendeshaji ukirudiwa, namba yake haibadiliki; kinachopanda ni hesabu ya jaribio, "run_attempt". Wakala akiuliza kwa namba tu, ataonyeshwa jaribio la mwisho. Likiwa limefaulu, hatajua kwamba la kwanza lilifeli kwa msimbo uleule. Hilo ni jambo kubwa: uendeshaji unaofeli leo na kufaulu saa moja baadaye bila mtu kugusa msimbo ni dalili ya ugonjwa. Taarifa za majaribio yaliyopita zipo na zinaweza kuombwa, lakini wakala hawezi kuziomba kama chombo hakikumdokezea kwamba kulikuwa na jaribio lililotangulia.

Orodha ya kazi nayo huja kwa kurasa, 30 kwa kila ukurasa isipoombwa zaidi, na mwisho ni 100. Mtiririko mmoja unaweza kuzaa hadi kazi 256 kwa mpangilio mmoja wa majaribio (matrix). Chombo kiseme jumla ni ngapi na zilizoletwa ni ngapi.

Kuhusu logi, yaani rekodi za maandishi ya kila kazi, kuzimwaga zote si ukarimu. Maelfu ya mistari ya kupakua maktaba hujaza nafasi ya wakala, na mstari mmoja wenye kosa huzama humo. Utaratibu ninaoupendekeza ni wa kushuka ngazi: muhtasari wa uendeshaji, kisha kazi zilizofeli, kisha hatua iliyofeli, ndipo mistari ya mwisho ya logi ya kazi hiyo. Seva ya GitHub tayari inaruhusu kuomba logi za kazi zilizofeli pekee, na kwa idadi ya mistari unayoitaka. Aidha, logi hutunzwa siku 90 kama mwenye mradi hakubadilisha mpangilio. Zikiwa zimefutwa, chombo kitamke hivyo. Jibu tupu humfanya wakala adhani hapakuwa na kosa.

Usalama haupaswi kusubiri toleo la pili. Kusoma taarifa na kurudia uendeshaji ni ruhusa mbili tofauti, na tokeni ya wakala mchunguzi iwe ya kusoma tu. GitHub huficha kwa nyota siri zilizosajiliwa, lakini siri iliyogeuzwa umbo inaweza kupenya. Zaidi ya hayo, logi hubeba maneno ya watu wasiojulikana, yakiwemo majina ya matawi na matini za majaribio. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kupachika humo agizo, na wakala asiyekingwa akalitii. Chombo kitenge maandishi hayo na kuyatambulisha kuwa ushahidi wa kuchunguzwa, ingawa alama hiyo peke yake haitoshi. Kinga yenye nguvu ni ile ruhusa finyu ya kusoma tu.

Nawaomba wenzangu mnaojenga vyombo hivi mvijaribu kwanza kwa uendeshaji uliofeli, uliorudiwa na ambao haujaisha, kabla ya kuvikabidhi kwa wakala yeyote.