Umri Uleule, Chakula Kilekile: Kulinganisha Uzito na Ukuaji wa Mbegu za Sungura



1. Utangulizi
Mnunuzi wa mbegu akifika bandani, huuliza kwanza: "Dume huyu ana kilo ngapi?" Lakini uzito wa dume aliyekomaa ni matunda ya miezi mingi ya kula, ilhali sungura wa nyama huuzwa akiwa na miezi mitatu hivi. Hoja yangu ni kwamba mbegu zilinganishwe kwa uzito wa umri wa kuuzwa, pamoja na chakula kilichouleta uzito huo.

2. Mbegu na maumbile yake
Flemish Giant, mwenye asili ya Ubelgiji, akikomaa huzidi kilo 6. New Zealand White, ambaye licha ya jina lake alistawishwa Marekani, hufika kilo 4 hadi 5 na ushei. Californian, aliyeanzia California katika miaka ya 1920, ni mwepesi kidogo kuliko huyo. Dutch hukomea kilo 2 na nusu hivi.

Flemish Giant huchelewa kukomaa, na mifupa yake ni mizito. New Zealand White na Californian hujaza mapema mgongo na mapaja. Wakilishwa vizuri hufika kilo 2 kati ya wiki ya 8 na ya 12. Ndiyo maana wafugaji wa nyama huzipenda mbegu hizi mbili, na wengi huzipandisha pamoja wapate chotara.

3. Yanayopotosha mizani
Hadi wiki ya tatu hivi, mtoto wa sungura hutegemea maziwa ya mama. Jike aliyezaa watoto 4 atawanenepesha kuliko mwenye 10, hata wakiwa mbegu moja. Joto nalo lina nguvu: likipita nyuzi 30 za Selsiasi, sungura hupunguza kula. Anayemlinganisha Californian wa Tanga mjini na New Zealand White wa Lushoto amepima hali ya hewa, hajapima mbegu. Ugonjwa wa koksidiosi nao hudumaza mtoto wa mbegu yoyote.

4. Namna ya kupima
Chagua watoto waliozaliwa siku zinazokaribiana, katika uzao wenye idadi inayolingana. Wape chakula kimoja. Wapime asubuhi kabla ya kulisha, siku ya 35 na siku ya 84.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Kundi A limetoka gramu 600 hadi 2,000 kwa kila sungura: gramu 1,400 kwa siku 49, yaani takriban gramu 29 kwa siku. Kila mmoja amekula kilo 5.6, kilo 4 za chakula kwa kilo 1 ya uzito. Kundi B limetoka 700 hadi 2,240, takriban gramu 31 kwa siku, lakini kila mmoja amekula kilo 6.9, karibu kilo 4 na nusu kwa kilo 1. B limekua haraka zaidi. Ikiwa chakula kinanunuliwa, huenda A ndilo lenye faida.

5. Mapendekezo
Kila banda liwe na mizani na daftari lenye tarehe ya kuzaliwa, idadi ya watoto, uzito na chakula. Majike wa kuendeleza kizazi tuwachague kwa kumbukumbu hizo. Na mnunuzi akiuliza kilo za dume, tumfungulie daftari tumwonyeshe kilo za watoto wake.