Sabuni ya Maziwa ya Mbuzi: Kasoro, Chanzo Chake na Uchaguzi wa Malighafi



Nimeombwa nizungumzie kasoro za sabuni ya maziwa inayotengenezwa nyumbani kwa njia ya baridi, yaani bila kuipika jikoni. Wengi wetu tulianzia kwenye sabuni ya maji, ambako kasoro ikitokea hutafutwa kitu cha kuongeza. Kwa sabuni ya maziwa mazoea hayo hayatufikishi mbali. Kasoro zake karibu zote huzaliwa na joto au na vipimo, na ukishajua ni lipi kati ya hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha.

Nianze na joto, maana ndilo linalotuharibia mali nyingi zaidi. Kostiki soda ikiingia kwenye kimiminika huchemka yenyewe. Maji hayadhuriki kwa hilo, lakini maziwa yana sukari, na sukari hiyo ikikutana na kostiki ya moto huungua. Utaona maziwa yanageuka manjano, kisha rangi ya chungwa, kisha kahawia, na protini ikivunjika hutoka harufu ya amonia inayochoma pua. Harufu hiyo hupungua sabuni inapokomaa. Rangi haiondoki. Sabuni ya kahawia bado ni sabuni, ila mteja uliyemwahidi kipande cheupe ana haki ya kulalamika.

Kinga yake ni kugandisha maziwa. Yatie kwenye vifuko vya barafu, yagande kabisa, yaponde, kisha nyunyiza kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga, bakuli likiwa ndani ya beseni la maji ya barafu. Kipimajoto kikikaribia nyuzi 30, simama kwanza. Mchanganyiko utakuwa mzito kama uji kwa sababu mafuta ya maziwa yenyewe yameanza kugeuka sabuni. Usiutupe, uchuje tu, usije ukabeba punje za kostiki ambazo hazijayeyuka.

Asiye na friza agawanye kimiminika. Ayeyushe kostiki kwenye maji yenye uzito sawa nayo, aache yapoe, kisha maziwa ya baridi yaliyobaki ayachanganye na mafuta kabla ya kumimina kostiki. Kwa mjini, ambako umeme hukatika, mimi napendekeza njia hii hata kwa mwenye friza.

Joto la pili hutokea ndani ya kalibu. Sukari ya maziwa huichemsha sabuni ikiwa imekwisha kumiminwa; inaumuka, inapasuka juu, au ukiikata unakuta duara jeusi katikati. Basi usiifunike blanketi. Iweke kwenye friji usiku mmoja, au mahali penye upepo. Asali huzidisha joto hilo. Mafuta ya karafuu nayo hufanya mchanganyiko ushike ghafla kabla hujaumimina, na yakizidi huwasha ngozi. Yatie mwishoni, tena kidogo.

Sasa vipimo. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu 1000 za mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 183, mawese 142, alizeti 135, na nyonyo 128. Tuseme una nazi gramu 300, mawese 400, alizeti 200 na nyonyo 100. Jumla ya kostiki ni gramu 151.5, punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kulainisha ngozi, upate 144, pamoja na maziwa gramu 290. Bei ya nazi ikipanda ukaweka alizeti mahali pake bila kukokotoa upya, kostiki itazidi, na atakayeumia ni mteja. Kijiko na kikombe havifai hapa. Nunua mizani ya dijitali kabla hujanunua manukato.

Kostiki inayouzwa kwa kupimiwa kwenye mifuko ya nailoni ichunguzwe. Ikiwa imeshikana mabonge, imekwisha kunyonya unyevu na nguvu yake imepungua. Sabuni itabaki laini yenye mafuta mafuta. Na magadi hayawezi kushika nafasi yake, hata muuzaji akiapa.

Ukikata kipande, kitazame kwenye mwanga. Unga mweupe ulio juu tu hutokana na kostiki kukutana na hewa. Hauna madhara, unafutika kwa kitambaa chenye maji. Lakini ukikuta ndani matundu yanayong'aa na kutoa majimaji, vaa glavu: hiyo ni kostiki ambayo haikuchanganyika. Sabuni iliyokomaa kwa wiki nne hadi sita kwa kawaida huwa na pH ya 9 hadi 10. Ikifika 11, usiiuze. Ikwangue, iyeyushe kwa moto mdogo juu ya sufuria ya maji, na uongeze mafuta.

Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani hayana marekebisho. Ni mafuta yaliyoharibika, na kwa unyevu wa pwani alizeti ndiyo huanza. Tumia yaliyokamuliwa karibuni, yasizidi robo. Nazi nayo ikizidi theluthi moja hukausha ngozi. Mawese mekundu ya Kigoma hutoa sabuni ngumu nzuri, ila rangi yake itashinda ya maziwa. Tui la nazi lina mafuta mengi, kwa hiyo lichukue sehemu tu ya kimiminika. Mtindi unafaa ukichujwa mabonge. Asidi yake hula kostiki kidogo na kuifanya sabuni iwe ngumu zaidi.

Sufuria za alumini zikae mbali, kwani kostiki huzila na kutoa gesi inayowaka. Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi, si siki.

La mwisho ni tabia inayoenea ya kuyeyusha sabuni ya mche na kuikorogea maziwa mabichi. Hapo kostiki imekwisha kazi yake, hivyo maziwa hayo hayageuki kitu. Yanaoza ndani ya kipande, na mteja anapakwa uozo huo usoni. Wanaouza hivyo waache. Na lebo iseme kilichomo na tarehe ya kukatwa, bila kudai kwamba sabuni inatibu ukurutu au chunusi.