Vipepeo wa Njia ya Mlimani



Nimeombwa niseme machache kabla ya matembezi ya kesho. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nilirudi huku na mafaili yangu, na wenzangu wakaniambia hakuna kitu ila vumbi. Hawajatembea baada ya mvua!

Mtamwona kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, akiruka polepole kama bwana shamba anayekagua mihogo. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini. Ndege aliyemwonja hujifunza kumwacha. Lakini angalieni: katikati ya bawa la nyuma ana vidoa vyeusi vitatu au vinne. Yule asiye navyo ni jike wa jamii nyingine kabisa, hana sumu, ameiga sare tu. Dume wake ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe. Huwezi kudhani ni mume na mke.

Sasa, mimea hiyo ndiyo tunayoifyeka pembeni mwa uwanja tukiiita magugu. Ikiisha, mwenye sumu atakosa pa kutaga, na mwigaji atavaa sare isiyomtisha ndege yeyote. Nimeomba ukanda mmoja usifyekwe hadi Mei. Mwalimu Mkuu hajakubali. Anahofia nyoka, na hofu hiyo si ya bure.

Tutaondoka saa tatu, si alfajiri. Kipepeo haruki mpaka jua limpashe moto.