Mazungumzo juu ya Hitilafu za Umeme katika Ekseli ya Mbele



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya magari ya magurudumu manne yatupelekayo njiani kutengeneza reli. Gari likikwama matopeni, genge zima halifiki kazini, na fundi ndiye wa kwanza kulaumiwa. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sote.

Katika baadhi ya Toyota Hilux na Land Cruiser Prado, ekseli ya mbele huunganishwa na mota ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye difu. Dereva aingizapo 4WD, swichi ya transfa hutoa habari, mota husukuma uma, nao uma huunganisha shafti. Taa ya dashibodi ikimetameta bila kutulia, maana yake kazi haijakamilika.

Hapo wengi husema, "Mota imekufa." Katika karakana moja tuliona mota mpya ikifungwa, na taa ikaendelea kumetameta vile vile. Fundi akaambiwa atakatwa mshahara. Kumbe kosa lilikuwa kutu ndani ya plagi.

Basi, ndugu, yafaa tufuate utaratibu.

Kwanza, gari lisimame mahali tambarare, na magurudumu yazuiwe. Tutazame betri na fyuzi.

Pili, tufungue plagi ya mota. Iko chini, nayo hupigwa na maji na matope. Tukiona kutu ya kijani, tuisafishe, kisha tujaribu tena.

Tatu, tupime wakati mota inapotakiwa kufanya kazi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja huonyesha volti 12 ukiwa hauna mzigo, lakini mota ikidai umeme waya huo hushindwa. Kwa hiyo plagi ibaki imefungwa, mita iguse nyaya mbili za mota kwa nyuma ya plagi, na mwenzetu aingize 4WD. Volti zikikaribia 12 na mota haisogei, kosa ni la mota au la uma uliokwama. Volti zikiwa chache, tufuate waya na athi kipande kwa kipande. Zikikosekana kabisa, turudi kwenye swichi ya transfa na nyaya zake.

Tusijaribu 4WD kwa kuendesha juu ya lami kavu. Gia na shafti huumia.

Mwisho, kila kipimo tukiandike katika kitabu cha kazi, pamoja na tarehe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kukusudia la mfanya kazi, tena kwa kiasi cha haki. Kutu haikusudiwi na mtu. Lakini asiye na maandishi atajitetea kwa nini? Mwenye kuandika vipimo vyake, chama kitapata pa kushika kikisimama naye mbele ya mwajiri.